Kusoma picha za kidini na madaftari ya nyumba ya wageni katika hifadhi ya chuo

Katika hifadhi ya nyaraka ya chuo cha zamani huko Pennsylvania, Marekani, mtafiti anaweza kufungua kasha moja akakuta picha za kidini zilizochapishwa zimelazwa pamoja na madaftari ya hesabu ya nyumba ya wageni, akadhani kuna mtu aliyechanganya mafaili. Mara nyingi hakuna aliyechanganya. Sun Inn, nyumba ya wageni ya mji wa Bethlehem huko huko Pennsylvania, iliyoanzishwa mwaka 1758, ilikuwa mali ya jumuiya ya Wamoravia, kanisa lile lile ambalo wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891. Na John Adams, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, katika barua aliyomwandikia mkewe mwaka 1777, aliisifu nyumba hiyo na kueleza kuwa faida na hasara yake vyote vilikuwa vya jumuiya. Kwa hiyo anza na mwongozo wa mkusanyiko, ujue ni nani aliyetoa kasha hilo na lilitoka wapi, kisha usihamishe hata karatasi moja kutoka mahali ulipoikuta.

Nawa mikono uikaushe vizuri, na uandike kwa penseli tu. Glavu za pamba hazifai kwa karatasi kuukuu, kwani vidole hupoteza hisia na kingo huchanika. Glavu zitumie kwa picha za kamera tu.

Picha iliyochapishwa ichunguzwe kwanza pembezoni. Ukiona mfinyo wa mstatili uliozunguka picha, karatasi ilibanwa na bamba la shaba au la chuma, ilhali litografia, mbinu aliyoibuni Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa miaka ya 1790, huchapwa kutoka kwenye jiwe tambarare na haiachi mfinyo huo. Kwa kioo cha kukuza, chembechembe zisizo na mpangilio, mithili ya alama za chaki, huashiria jiwe, na vitone vilivyojipanga kwa safu huashiria uchapaji wa mwishoni mwa karne ya 19 au baada yake. Soma pia jina la mchapishaji chini ya picha: picha za New York zenye jina la N. Currier peke yake kwa kawaida ni za kabla ya mwaka 1857, alipoingia ubia na James Ives. Tahadhari kubwa zaidi ni ya vyeti vya ubatizo vya Wajerumani wa Pennsylvania, vyenye malaika na ndege waliochapwa na majina yaliyojazwa kwa mkono. Tarehe iliyoandikwa humo ni ya mtoto, si ya karatasi, na familia nyingi zilijaziwa cheti miaka mingi baada ya ubatizo wenyewe.

Madaftari yanataka subira zaidi. Yaweke juu ya mto wa kitabu, usiyafungue hadi yakalala bapa, kwa maana wino wa chuma wa enzi hizo hula karatasi na ukurasa huweza kukatika kwenye mistari ya maandishi. Tofautisha daftari la siku, lililoandikwa kadiri wageni walivyofika, na leja, ambayo hukusanya madeni ya kila mtu mahali pamoja. Tarakimu ya pembeni katika daftari la siku kwa kawaida ni ukurasa wa leja. Maandishi mengine ni ya Kijerumani kwa mwandiko wa Kurrent, ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa.

Fedha nazo zina mtego wake. Ukikuta 0.7.6, yaani pauni, shilingi na peni kwa mfuatano huo, hizo ni shilingi saba na peni sita za Pennsylvania, yaani dola moja ya fedha ya Kihispania, ambayo kwa fedha ya Uingereza ilikuwa shilingi nne na peni sita tu. Anayezichukulia kuwa pauni za Uingereza huiongezea kila gharama theluthi mbili zaidi ya thamani yake halisi, na kosa hilo huharibu jedwali zima. Usidharau mistari ya shayiri na nyasi za farasi: mara nyingi ndiyo inayokuonyesha nani alilala na nani alipita kula tu.

Unapoagiza nakala, omba na upande wa nyuma wa kila picha, kisha andika namba ya kasha, ya jalada na ya ukurasa kabla hujarudisha chochote mezani kwa mtunza nyaraka.