Mbona Injini Yampa Aliyeliwa Farasi? Kuisoma Hesabu ya Stockfish Hatua kwa Hatua

Kijana mmoja ninayemfunza sataranji barazani Kibokoni alinijia na simu mkononi, uso umemkunjamana. "Maalim, Mweupe kaliwa farasi, tena kwa askari mmoja tu. Mbona simu yampa yeye?" Simu yake ilikuwa na Stockfish, injini (yaani programu) ya sataranji inayokisia kwa namba ni upande upi ulio bora. Swali lake ni la wengi, kwa hiyo nimeandika tuliyoyapitia.

Mchezo wenyewe ni huu: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5 d5 5.exd5 Nxd5 6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+ Ke6 8.Nc3. (K ni mfalme, Q malkia, B askofu, N farasi; pasipo herufi kubwa ni askari; x ni kula, + ni kumpiga mfalme.) Zamu ni ya Mweusi.

Hatua ya 1: Hesabu mwenyewe kwanza

Fungua ubao wa uchambuzi wa Lichess, tovuti ya sataranji (bure, hauna matangazo), ingiza mchezo huo, injini ikiwa imezimwa. Chukua karatasi. Tumia mizani ya kawaida, ile Claude Shannon aliyoiweka kwenye makala yake ya 1950: malkia 9, ngome 5, askofu 3, farasi 3, askari 1. Mweupe amepoteza farasi na askari, Mweusi askari wawili. Mweupe yuko nyuma kwa alama 2. Iandike.

Hatua ya 2: Washa injini, uache namba itulie

Weka mistari mitatu, si mmoja; mstari ni mfululizo wa hatua ambazo injini inaona zingefuata. Ule mnara mweupe na mweusi ulio ubavuni mwa ubao mimi huuficha. Haufundishi kitu ila kushangilia.

Usiamini namba ya sekunde za mwanzo. Angalia kina, yaani injini imekwenda hatua ngapi mbele. Katika kina cha 10 hesabu hurukaruka, ikifika ishirini na kitu huanza kukaa. Simu ikipata moto, iache ipumzike. Kwa fungulio maarufu kama hili, Lichess mara nyingi huleta hesabu iliyokwisha kuhifadhiwa, nawe huna haja ya kuichosha betri.

Namba yenyewe sasa. Kwenye Lichess, jumlisha ni ya Mweupe na toa ni ya Mweusi. Wengi hudhani +1.00 ni "askari mmoja zaidi". Ilikuwa karibu na hivyo zamani. Tangu Stockfish 15.1 ya Desemba 2022, namba imepimwa upya: +1.00 ni hali ambayo injini, ikicheza na mwenziwe wa nguvu sawa, hushinda takriban nusu ya michezo. Ni kipimo cha uwezekano wa kushinda kilichovikwa nguo za askari. Ndiyo maana −2 ya karatasi yako na jumlisha ya injini zinaweza kukaa pamoja bila kugombana. Moja inahesabu kete, nyingine inakisia mwisho wa mchezo.

Hatua ya 3: Fuata mstari hadi ulipotulia

Namba uionayo si ya ubao ulio mbele yako. Ni ya ubao ulio mwishoni mwa mstari, baada ya pande zote mbili kucheza vizuri kwa kadiri injini ijuavyo. Kwa hiyo bonyeza hatua moja moja. Mcheza bao hatangazi ushindi kete zikiwa bado mkononi, na injini nayo haihesabu katikati ya kulana: huendeleza ulaji mpaka uishe, ndipo itoe tathmini. Nawe simama hapo hapo, palipotulia, uhesabu tena.

Hatua ya 4: Badilisha kitu kimoja tu

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu hupoteza jioni nzima.

Injini za zamani ziliandikiwa sheria na watu: mfalme akiwa wazi toa kiasi hiki, ngome ikiwa kwenye safu tupu ongeza kiasi hiki. Ungeweza kuzisoma sababu moja moja. Mwaka 2020 Stockfish 12 ilileta mtandao wa neva uitwao NNUE, mbinu aliyoibuni Yu Nasu kwa ajili ya shogi, mchezo wa Wajapani. Stockfish 16.1 ya 2024 ikazitupa kabisa sheria za kale. Mtandao huo umejifunza kutokana na mabilioni ya hali za ubaoni, na hauna sentensi ya kukupa. Sababu utaitoa mwenyewe, kwa kujaribu.

Nenda kwenye kihariri cha ubao ukiwa na hali ile ile baada ya 8.Nc3. Mtoe askofu wa c4 umweke e2. Usiguse kingine. Washa injini. Namba inamgeukia Mweusi, kwani farasi wake wa d5 sasa yuko huru kuondoka. Mrudishe askofu c4, namba inarudi kwa Mweupe. Sababu ni hiyo. Farasi wa d5 amebanwa, kwani akiondoka, askofu anampiga mfalme wa e6. Na aliyebanwa huyo anashambuliwa na watatu: askofu, malkia na farasi wa c3. Ndiyo maana Mweusi hulazimika kumwongezea ulinzi, kwa Ncb4 au Nce7, badala ya kujenga mchezo wake.

Sasa tahadhari, na usiziruke.

Zamu. Kihariri kinaweza kukuwekea zamu ya Mweupe bila wewe kujua. Hapa ni ya Mweusi. Zamu ikikosewa, umeuliza swali jingine kabisa.

Haki ya mfalme kubadilishana na ngome. Kuna visanduku vinne. Mfalme wa Mweusi ameshatembea, viwili vyake visiwe na alama. Wa Mweupe hajaguswa, vyake viwe na alama. Ukimnyima Mweupe haki hiyo, namba inasogea, nawe utamsingizia askofu.

Kimoja maana yake kimoja. Kijana wangu alitaka kumrudisha mfalme e8 na kumwondoa malkia kwa mpigo. Hapo namba itabadilika, lakini hutajua ni kwa ajili ya nani. Na ukimrudisha mfalme pekee, chungulia f7 kabla hujafurahi: askari wake hayupo tena, na Mweusi akicheza Nxc3, Qf7 ni mati.

Wenye kompyuta wana njia fupi, nami naipenda kuliko kihariri. Fungua Stockfish yenyewe bila ubao wowote, uandike:

position startpos moves e2e4 e7e5 g1f3 b8c6 f1c4 g8f6 f3g5 d7d5 e4d5 f6d5 g5f7 e8f7 d1f3 f7e6 b1c3

Halafu uandike eval. Utachorewa ubao wenye namba chini ya kila kete: mtandao unaipima hali bila kete hiyo, tofauti ndiyo thamani yake hapo. Farasi wawili wa upande mmoja huweza kupata namba zisizofanana. Ila eval ni jicho tu, haina kutazama mbele, hivyo inaweza kupingana na namba ya Lichess. Tena haijibu kitu mfalme akiwa anashambuliwa.

Hatua ya 5: Pisha zamu

Kwenye kompyuta, ndani ya Lichess, bonyeza kitufe cha x. Injini itakuonyesha ambacho mpinzani angefanya kama ungepisha zamu yako. Kitisho kilichojificha hujitokeza mara moja.

Mwishoni mwa mchezo usikitegemee, kwani huko kulazimika kusogea kwenyewe kunaweza kuwa hasara. Mfalme mweupe e5, askari wake e4, mfalme mweusi e7. Zamu ikiwa ya Mweusi, Mweupe anashinda. Ikiwa ya Mweupe, ni sare. Hakuna kete iliyosogea.

Hatua ya 6: Sifuri

0.00 ina maana zaidi ya moja. Pengine hali ni sawa kweli na kazi bado ndefu. Pengine mstari unarudia hatua zile zile, mmoja akimfukuza mfalme bila kikomo. Pengine ni sare iliyokufa: Mweupe ana askofu wa miraba myeupe na askari wa safu ya h, mfalme mweusi amekaa h8. Mizani inasema +4. Injini inasema sifuri, kwa kuwa h8 ni mraba mweusi na askofu huyo hawezi kumtoa mfalme pembeni.

Kinyume chake pia kipo. Ukiona +1.5 isiyopanda wala kushuka hatua kumi mfululizo, huku kete zikizungukazunguka tu, jaribu kumvamia mpinzani wewe mwenyewe kwa kila njia. Usipopata mlango, huenda amejifungia na hakuna pa kuingilia, namba iseme itakavyo.