Jinsi ya Kusoma Gurudumu la Maisha la Ubuddha

Kwenye ukuta wa ukumbi wa kuingilia katika monasteri nyingi za Tibet, Ladakh na Bhutan huchorwa zimwi kubwa lililong'ata gurudumu na kulikumbatia kwa makucha ya mikono na miguu. Mchoro huo, ambao kwa Kisanskriti huitwa bhavachakra, uliwekwa mahali pa wazi ili hata mtu asiyejua herufi aweze kujifunza kiini cha mafundisho ya Buddha kwa macho. Watibeti ndio waliouenezea sifa, lakini asili yake ni India: mabaki ya mchoro wa namna hiyo, wa karne ya 5, yamo katika pango namba 17 la Ajanta, na huko Dazu nchini China gurudumu kama hilo lilichongwa kwenye mwamba wakati wa utawala wa ukoo wa Song. Mapokeo ya Watibeti yanasimulia kwamba Mfalme Bimbisara wa Magadha, ufalme wa kale wa India, alipoletewa zawadi ya thamani kubwa mno na mfalme wa nchi ya mbali, alishindwa kujua la kumrudishia, na Buddha akamshauri amtumie mchoro huu.

Mtazamaji mgeni huvutwa kwanza na sehemu ya chini, penye mateso ya jehanamu, akaanza kusoma hapo. Ni afadhali aanze kitovuni na kutoka nje polepole, kwa sababu gurudumu hili limepangwa kwa kanuni ya chanzo na matokeo, na kila duara la ndani ndilo linalosukuma duara linalolizunguka.

Kitovuni wamo wanyama watatu, ambao ni sumu tatu za akili. Nguruwe ni ujinga, yaani kutoiona hali halisi ya mambo. Jogoo ni tamaa. Nyoka ni chuki. Msomaji aliyelelewa katika dini inayomhesabu nguruwe kuwa najisi asiilete hukumu hiyo hapa, kwa kuwa nguruwe amechaguliwa kwa upofu wake wa akili tu. Chunguza jinsi wanyama hao walivyounganishwa. Katika michoro mingine wanang'atana mikia, kuonyesha kwamba kila sumu huilisha nyingine; katika mingine jogoo na nyoka wanatoka kinywani mwa nguruwe, na hapo mchoraji anasema waziwazi kwamba tamaa na chuki huzaliwa na ujinga.

Duara la pili halihitaji muda mrefu: nusu yake ni nyeupe, na watu wanapanda; nusu ni nyeusi, na watu wanaburutwa kwenda chini. Hiyo ni karma, yaani tendo lenye nia pamoja na matunda yake, na haipaswi kuchanganywa na majaaliwa ambayo mtu ameandikiwa na hawezi kuyageuza.

Duara la tatu ndilo pana kuliko yote, nalo limegawanywa katika milki sita za kuzaliwa. Juu wapo miungu, asura (viumbe wenye nguvu wanaowaonea miungu wivu) na wanadamu. Chini wapo wanyama, mizimu yenye njaa na watu wa jehanamu. Asura wanapigana vita daima na miungu kwa sababu ya mti ambao mizizi yake imo katika milki yao, ilhali matunda yake yanaiva kwa miungu. Mizimu yenye njaa ina matumbo makubwa na shingo nyembamba zisizopitisha chakula. Katika jehanamu tafuta barafu kando ya moto, kwani mapokeo ya Tibet yanataja jehanamu nane za joto na nane za baridi. Hakuna milki ya kudumu: hata miungu, karma njema ikiwaishia, huanguka. Milki ya wanadamu huhesabiwa kuwa bora kwa anayetafuta ukombozi, yaani kutoka katika mzunguko huu wa kuzaliwa na kufa, kwa sababu ina shida za kutosha kumwamsha mtu na nafasi ya kutosha kumwezesha kutafakari. Mara nyingi katika kila milki amechorwa buddha aliyeshika kile ambacho wakazi wake wanakihitaji. Kwa wanyama, kwa mfano, ameshika kitabu.

Milki hizi zinaweza kusomwa kama mahali ambapo viumbe huzaliwa baada ya kufa, na wafuasi wengi wa Ubuddha wanazichukulia hivyo. Zinaweza pia kusomwa kama hali za nafsi ambazo mtu hupitia kabla jua halijatua: wivu wa asura, uchu wa mizimu, hasira ya jehanamu. Kwa maoni yangu usomaji wa pili haufuti wa kwanza, na anayeanza atanufaika zaidi nao, kwa kuwa anaweza kuupima kwa maisha yake mwenyewe.

Ukingo wa nje una picha kumi na mbili zinazoeleza jinsi mateso yanavyotokea hatua kwa hatua. Mtafute kwanza kipofu mwenye mkongojo, ambaye ni ujinga, kisha ufuate mzunguko: mfinyanzi anayefinyanga vyungu, ambaye ni matendo yanayoumba maisha yajayo, tumbili anayerukaruka, ambaye ni ufahamu, watu ndani ya mashua, yaani mwili na akili, nyumba tupu yenye madirisha sita, yaani milango ya hisi, wapenzi wanaokumbatiana, yaani mguso. Picha ya saba ni mtu aliyechomwa mshale jichoni, nayo ni hisia ya raha au maumivu. Ya nane ni mnywaji asiyetosheka, yaani kiu ya kutaka. Baada yake huja mchuma matunda, mwanamke mjamzito, uzazi, na mwisho maiti inayobebwa.

Simama kati ya picha ya saba na ya nane. Mshale ukishachoma, hisia haizuiliki. Lakini kutoka hisia hadi kiu ipo nafasi, nayo ndiyo ambayo mazoezi ya kutafakari yanalenga kuipanua. Chukua ugomvi mmoja wa juzi, utafute ni neno gani lililokuwa mshale, na ni wakati gani ulipoanza kutaka kulipiza kisasi.

Sasa rudi kwa zimwi. Huyo ni Yama, bwana wa mauti, na mafuvu matano kwenye taji lake yanakumbusha kwamba hakuna kinachodumu. Yeye si shetani wala si muumba wa gurudumu. Analishika tu, kwa kuwa vyote vilivyomo ndani yake hufa. Nje ya makucha yake, juu, amesimama Buddha akionyesha mwezi kwa kidole, ishara ya kwamba njia ya kutoka ipo. Pengine huandikwa pia beti zinazomhimiza mtu avunje majeshi ya mauti kama ndovu anavyovunja kibanda cha nyasi.

Ukikuta mchoro wenye milki tano badala ya sita, usidhani kwamba mchoraji amekosea, kwani wengine huwaweka asura pamoja na miungu. Vilevile, baadhi ya wachoraji huchora gurudumu la mafundisho, yaani ishara ya mafundisho ya Buddha, mahali pa mwezi.