Jinsi ya Kubaini na Kubadilisha Cheni, Friwili na Kota Zilizolika Kwenye Baiskeli ya Mizigo

Katika baiskeli inayobeba magunia ya mpunga kwenye tambarare za Usangu, au inayoshusha mikungu ya ndizi kutoka vijiji vya Rungwe hadi barabarani, hakuna sehemu inayoteseka kuliko ile inayopeleka nguvu ya miguu kwenye gurudumu la nyuma, yaani pedali na mikono yake, gia kubwa ya mbele, cheni na friwili, ile gia ndogo ya nyuma. Sehemu hizi hulika pamoja lakini hazifi siku moja. Ndiyo maana mtu hununua cheni mpya kwa sababu baiskeli inaruka, kumbe kilichokufa ni friwili, au hubadilisha friwili ilhali kinachogonga ni kota iliyolegea, ile pini inayobana mkono wa pedali. Fedha ya kipuri ni afadhali itoke baada ya ugonjwa kujulikana. Maelezo haya yanahusu hasa baiskeli kubwa isiyo na gia za kubadilisha, ya aina ya Phoenix.

Anza kwa kusikiliza, kwa sababu kila sehemu inazunguka kwa kasi yake na mlio wake hufuata mzunguko huo. Pandisha mlima kidogo, ukihesabu mizunguko ya pedali ya kulia. Mlio unaokuja mara moja katika kila mzunguko, tena mguu ukiwa mahali palepale, unatoka kwenye pedali, kota, ekseli ya kati au jino lililoharibika la gia ya mbele. Sasa chukua baiskeli yenye meno 48 mbele na 18 nyuma: kila pedali inapozunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara mbili na theluthi mbili, hivyo kasoro ya jino moja la friwili husikika zaidi ya mara mbili kwa kila mzunguko wa pedali. Cheni nayo ni ndefu kuliko vyote. Ikiwa na viungo 110 hivi, hurudi mahali pake baada ya mizunguko miwili na zaidi kidogo, kwa hiyo mlio unaopita mzunguko mmoja au miwili ndipo urudi ni wa kiungo kimoja cha cheni, kilichokaza kwa kutu au kilichopinda. Kiungo hicho utakiona ukizungusha pedali kinyumenyume polepole huku ukiangalia cheni inapotoka kwenye friwili, kwa sababu hakitanyooka kama wenzake.

Kuruka ni jambo jingine. Cheni ikiruka juu ya meno unapokanyaga kwa nguvu, mguu hushuka ghafla kwa kiasi kidogo kisha hushika tena, na ukiinama utaona cheni imepanda juu ya meno ya friwili. Lakini pedali ikizunguka bure mbele bila gurudumu kufuata, na cheni ikiwa imetulia mahali pake, tatizo liko ndani ya friwili, kwenye vile vijino viwili vinavyosukumwa na springi ili vishike upande mmoja na kuachia upande wa pili. Asubuhi za Juni na Julai kule Makete na Njombe tatizo hili hutokea hata kwa friwili nzima, kwa sababu fundi aliijaza grisi nzito, ikaganda kwa baridi na kuvizuia vijino visiinuke. Hapo hakuna cha kununua: osha ndani kwa mafuta ya taa, acha ikauke, kisha tia matone ya oili nyepesi.

Cheni hupimwa kwa futi ya chuma. Nafasi kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, hivyo nafasi 24 za cheni mpya ni inchi 12 kamili. Ivute cheni ikaze, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu nafasi 24, kisha tazama pini ya mwisho imeangukia wapi. Ikiwa imepita inchi 12 kwa moja ya kumi na sita ya inchi, ambayo ni milimita moja na nusu hivi, tafuta cheni mpya. Ikiwa imepita kwa moja ya nane, yaani milimita tatu, jiandae kununua friwili pia. Wapo wanaosema kwamba cheni nene ya baiskeli isiyo na gia inaweza kusubiri hadi kipimo hiki cha pili, na kwa mtu anayeendea sokoni tu huenda inatosha. Kwa anayebeba mizigo milimani ningeshauri asisubiri. Kurefuka huku hakutokani na chuma kuvutika. Pini na matundu yake husagwa na vumbi lililoshikana na oili, kila kiungo kikapata ulegevu kidogo, na ulegevu mdogo mara mia moja na zaidi ukawa urefu mzima.

Cheni iliyorefuka hailingani tena na nafasi za meno, hivyo huyala upande mmoja mpaka yanapinda kama ndoana. Friwili huharibika mapema kuliko gia ya mbele, kwa kuwa ina meno machache na kila jino hukutana na cheni mara nyingi zaidi. Ifute kwa kitambaa kabla ya kuiangalia, kwa maana uchafu mweusi huficha umbo la meno. Jino zima lina pande mbili zinazofanana na bonde la mviringo kati yake na jirani, ilhali jino lililolika lina mgongo mrefu upande mmoja na ncha nyembamba iliyoegemea upande wa pili. Kwenye gia ya mbele, shika cheni katikati ya mzingo wa mbele kabisa na uivute itoke nje: ikiachana na meno kiasi cha kuona zaidi ya nusu ya jino, ama cheni, ama gia, ama zote mbili zimechoka. Usifunge cheni mpya juu ya friwili yenye meno ya ndoana, kwa sababu itaruka mlima wa kwanza utakaokutana nao, pengine huko Ipogolo ukiwa na gunia nyuma.

Kung'oa friwili kunahitaji ufunguo wake wenye meno mawili yanayoingia kwenye mapengo yaliyo mbele ya friwili. Toa gurudumu, ondoa nati ya upande huo, ingiza ufunguo, kisha rudisha nati iubane ufunguo kwa wepesi usije ukachomoka. Ubane ufunguo kwenye jiliwa na ugeuze gurudumu lote, ukilishika kwa mikono miwili kama usukani, kinyume na mwendo wa mishale ya saa. Itakuwa ngumu mwanzoni, maana kila ulipokanyaga pedali ulikuwa unaikaza. Ikiachia tu, legeza nati kabla ya kuendelea. Mafundi wengi wa barabarani hutumia tindo na nyundo, wakipiga kwenye mapengo hayo. Njia hiyo inatoa friwili iliyokwisha kufa, lakini huivunja ile ambayo ingeoshwa na kurudishwa. Safisha nyuzi za habu, yaani mikato ya skrubu kwenye kitovu cha gurudumu, zipake grisi, kisha anza kufunga friwili mpya kwa vidole, kwa sababu nyuzi hizo ni nyembamba na zikipandana habu nzima imekwenda. Haihitaji kukazwa kwa nguvu. Miguu yako itaikaza yenyewe.

Cheni mpya isipimwe kwa kuilaza kando ya ile kuukuu, kwani kuukuu imerefuka na itakudanganya kwa kiungo kizima. Hesabu viungo vya kuukuu, kisha kata mpya kwa idadi hiyohiyo. Nunua upana sahihi pia: baiskeli isiyo na gia hutumia cheni yenye upana wa ndani wa moja ya nane ya inchi, na zile za gia nyingi zinazouzwa mitumbani hutumia nyembamba zaidi, ambayo haikai kabisa kwenye meno mapana. Unapofunga klipu ya kiungo cha kuungia, upande wake uliozibwa utangulie kule cheni inakoelekea, ili jiwe au jani likiigonga lisiifungue. Vuta gurudumu nyuma hadi cheni ipande na kushuka kwa sentimita moja hivi katikati yake, ukipima pale inapokaza zaidi, kwa kuwa gia nyingi za mbele hazizunguki sawasawa kabisa. Ikiwa cheni imebana kama waya, itaila friwili na gololi za habu kwa pamoja.

Imebaki kota, ile pini yenye ubapa inayobana mkono wa pedali kwenye ekseli ya kati. Shika mikono yote miwili ya pedali na uitikise kwa kupingana: ukisikia mkono mmoja unacheza ilhali mwingine umetulia, kota ya upande unaocheza imekwisha. Legeza nati hadi iwe sawa na ncha ya pini, weka kipande cha bomba au gogo gumu chini ya mkono wa pedali lisimame juu ya sakafu, kisha piga mara moja kwa nyundo nzito. Bila tegemeo hilo pigo lote huingia kwenye gololi na vikombe vya ekseli, na hapo umetibu ugonjwa mmoja kwa kuanzisha mwingine. Kota mpya iingizwe kwa nyundo hadi ikae, nati ishikilie tu, kwa sababu anayeivuta kwa nati peke yake huishia kukata nyuzi. Kota mbili zielekee pande tofauti, vinginevyo pedali hazitakaa kwenye mstari mmoja.

Pedali yenyewe ikiwa imelika, kumbuka kwamba ya kushoto hufunguliwa kwa kufuata mishale ya saa na ya kulia kinyume chake. Watu wamevunja spana kwa kulisahau hili.

Kuhusu ulainishaji, epuka oili chafu iliyotolewa kwenye injini, maana ina vipande vidogo vya chuma vinavyosaga pini kwa ndani. Tone moja la oili safi kwa kila kiungo linatosha. Zungusha pedali, subiri, kisha futa nje ya cheni mpaka kitambaa kitoke karibu kikavu, hasa ukiishi kwenye vumbi la Igurusi na Chimala. Kwa walio Tukuyu, ambako mvua huosha cheni kila mara, rudia kazi hiyo baada ya kuosha matope, cheni ikiwa imekauka.

Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, rudi na nyundo na spana, gonga kota kidogo na kaza nati zake tena, kagua klipu ya cheni, na angalia kama gurudumu la nyuma bado limenyooka kwenye fremu.