Kusoma nyufa za fuvu lililopigwa risasi

Anza na eksirei, kabla maji hayajaugusa mfupa. Chembe za madini ya risasi hubaki kwenye kingo za tundu na ndani ya udongo uliojaa fuvuni, na ukishaosha zimekwenda. Udongo huo usiumwage. Uchekeche kwenye wavu wa milimita 4 hivi, maana vipande vidogo vya mfupa ndivyo vinavyokamilisha ukingo. Osha kwa maji matupu na brashi laini, kisha anika kivulini siku kadhaa. Jua la mchana hupasua mfupa uliolowa, na nyufa hizo mpya zitakusumbua baadaye.

Sasa tazama tundu. Fuvu lina bapa la nje, mfupa wa kati wenye vinyweleo, na bapa la ndani. Mfupa humeguka zaidi upande risasi inakoelekea, kwa kuwa huko hakuna kinachoushikilia. Kwa hiyo tundu la kuingilia lina ukingo mkali kwa nje na limepanuka kama faneli kwa ndani. La kutokea ni kinyume chake. Risasi iliyopita kwa mshazari huacha tundu lenye umbo la tundu la ufunguo, upande mmoja ukiwa na alama za kuingia na mwingine za kutoka, nalo limewadanganya wengi wakahesabu risasi mbili. Panjani na kwenye paa la tundu la jicho mfupa ni mwembamba mno, faneli huenda isionekane kabisa. Hapo usilazimishe jibu.

Kazi nzito ni mpangilio wa nyufa. Ufa hukimbia ndani ya mfupa upesi kuliko risasi inavyovuka kichwa, hivyo miale ya nyufa kutoka tundu la kuingilia mara nyingi hufika upande wa pili kabla risasi haijatoka. Ufa unaozaliwa baadaye ukikutana na ufa uliokwisha kuwepo, husimama hapo. Kanuni hii ya Puppe, daktari wa Kijerumani, ndiyo inayopanga risasi ya kwanza na ya pili. Gundisha vipande kwa gundi inayoyeyuka kwa asetoni, fuata kila ufa kwa kioo cha kukuzia mara 10 huku tochi ikimulika kutoka ubavuni, na uchore mahali unapokoma. Angalia vizuri: ufa unaweza pia kufia kwenye mshono wa fuvu, yaani mahali mifupa yake inapoungana, na hilo halisemi lolote kuhusu risasi ipi ilitangulia.

Mafuvu ya vita vya Luweero, nchini Uganda, yanadai subira zaidi. Mengi yaliokotwa, yakapangwa kando ya barabara, yakahamishwa tena kabla ya kuzikwa kwenye makaburi ya pamoja. Ukingo wa ufa uliotokea mtu alipokufa ni laini, na rangi yake imelingana na uso wa mfupa, wekundu wa udongo ukiwemo. Uliovunjika mfupa ukiwa mkavu ni wa kukwaruza na mara nyingi mweupe zaidi. Piga picha ya kila ukingo, na kipimo kando yake.

Kipenyo cha tundu kipime kwa kalipa, kifaa cha taya mbili cha kupimia upana, lakini usiandike aina ya bunduki kwa kipimo hicho. Risasi ya milimita 7.62 iliyoyumba au kugonga kitu kwanza huacha tundu pana, na za ukubwa unaokaribiana huwezi kuzitenganisha kwa mfupa peke yake. Andika upana mdogo kabisa wa tundu na uishie hapo.