Kuzima silinda mbili kwenye Townace ya 5K bila kufungua hedi

Kijana mmoja wa Kisauni, Townace yake ya injini ya 5K, ya silinda nne, huchukua samaki, alinijia na wazo lake la kuokoa petroli kwa kuzima silinda mbili. "Fundi, nimechomoa waya za plagi mbili, lakini mbona tangi lakauka vilevile?" Nikavuta dipstiki nikainusa. Oili ilikuwa yanuka petroli.

Ukichomoa waya peke yake, valvu zinaendelea kufunguka. Silinda inavuta petroli kutoka kabureta kama kawaida, haiichomi, inaitema kwenye ekzosi, na nyingine inaosha oili ukutani na kuteremka chini. Na nyie wenye inzekta msicheke: mkikata inzekta tu, hewa safi inapita hadi kwenye sensa ya oksijeni, kompyuta inadhani mafuta ni machache, inaongeza.

Kinachotakiwa ni valvu zisifunguke kabisa, ya kuingiza na ya kutoa. Hapo silinda zilizobaki hubeba kazi yote, unakanyaga zaidi, mlango wa hewa unafunguka zaidi, na injini haihangaiki kuvuta hewa kwenye tundu dogo. Cadillac walilijaribu jambo hili kwenye V8 yao mwaka 1981. Volkswagen mwaka 2012 wakaliweka kwenye injini ya 1.4 ya silinda nne, wakazima ya 2 na ya 3. Zao hujizima na kujiwasha zenyewe gari likitembea. Yetu ukiizima imezimika mpaka ufungue spana tena, kwa hiyo ni ya barabara tambarare, mzigo mwepesi. Ukipanda nayo kilima cha Mazeras umejaza, utanitukana.

Hatua ya 1. Hakikisha tapeti zako, vile vikombe vidogo ndani ya bloku vinavyosukuma pushirodi, ni ngumu. Zikiwa za kujazwa oili, acha. Ukitoa pushirodi (kijiti kirefu kinachopanda kutoka tapeti) juu yake oili itatorokea hapo na presha itashuka.

Hatua ya 2. Kava ya tapeti nje. Injini iwe baridi.

Hatua ya 3. Chagua 2 na 3. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, kwa hiyo zinabaki 1 na 4 zikipokezana sawasawa. Ukizima 1 na 2 mlio utakuwa wa mtu mwenye kwikwi.

Hatua ya 4. Kutoa pushirodi nne. Hapa ndipo soma polepole.

Zungusha injini mpaka pistoni ya silinda unayoishughulikia iwe juu na valvu zake zote mbili zimefunga. Legeza nati ya roka (mkono wa juu unaobonyeza valvu), rudisha skrubu mpaka mwisho, sukuma roka pembeni dhidi ya springi yake. Kichwa cha pushirodi kitaonekana. Sasa usivute! Oili imeigandisha tapeti chini ya kijiti, na ukivuta kwa pupa tapeti inapanda nacho, inatoka kwenye tundu lake, inalala ubavu ndani ya bloku. Mimi ilinitokea. Nilianza adhuhuri, na watu wakitoka msikitini baada ya Isha bado nilikuwa nimeinama na sumaku niliyoifunga kwenye spoku ya baiskeli. Kila nikiigusa inakwenda upande wa pili.

Kwa hiyo: shika kijiti kwa vidole viwili, kisokote kushoto na kulia, kitikise kidogo, mpaka usikie kimeachia. Ni mlio mdogo sana, kama kukwanyua kombe mwambani. Kisha ndio upandishe. Koleo sitaki kuiona hapa, maana vidole ndivyo vinavyosikia. Vijiti vichomeke kwenye kipande cha boksi, uandike namba, kila kimoja kitarudi kwake.

Roka usizitoe. Zinaziba matundu ya oili kwenye shafti. Ukizitoa, oili itamwagika hapo na roka za 1 na 4 zitakauka. Zifunge tu kwa waya mwembamba zisipigepige.

Hatua ya 5. Plagi za 2 na 3 zibaki ndani. Waya zake zichomeke kwenye plagi kuukuu zilizogusa bodi, la sivyo cheche zitatafuta njia ndani ya distributa.

Hatua ya 6. Piga stata, pandisha sailensa, yaani mzunguko wa injini ikiwa hujakanyaga, kidogo. Itatetemeka, usishtuke.

Hatua ya 7. Pima. Jaza tangi pampu ileile, gari limesimama palepale, nenda Kilifi, rudi, jaza tena. Tulifanya hivyo kabla na baada. Kutoka Mtwapa kwenda mbele, mwendo wa polepole, tuliona faida. Siku tuliyokwama foleni ya Kongowea haikuonekana.

Kila wiki fungua plagi ya 2 na ya 3. Pistoni ikishuka na valvu zimefungwa, inavuta oili kupitia ringi. Plagi ikitoka imelowa, rudisha pushirodi zote na urekebishe nafasi za tapeti upya.

Yule kijana aliendesha wiki tatu, kisha akarudi nirejeshe zote. Alikuwa amepata mzigo wa kupeleka Mariakani, na njia ni ya Mazeras.