Karoti za macho zitie mafuta

Kama unakula karoti na mboga za majani kwa ajili ya macho, zipike na utie mafuta kidogo. Kijiko kimoja cha chai kwa sahani kinatosha. Mimi nilikuwa nazitafuna mbichi, kavu, nikijiona mjanja. Beta-karotini iliyomo, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, na moto hulainisha mboga ili itoke kwa urahisi. Vitamini A ikipungua, retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hukosa malighafi ya rodopsini, ile protini inayotuwezesha kuona kwenye mwanga hafifu. Ndiyo maana dalili ya mapema huwa kutoona vizuri giza likiingia. Ukifika hapo, au jicho likikauka na kuota madoa meupe kama povu, usihangaike na sufuria: nenda hospitali upesi, maana konea, ule utando angavu wa mbele, inaweza kuharibika isirudi tena. Mwenye ugonjwa wa ini au nyongo huenda asinufaike sana, kwa kuwa mafuta yenyewe hayafyonzwi vizuri. Na kama unavaa miwani ya kuonea mbali, karoti hazitakuvua.