Barua imefika: kufunga kihisi kwenye sanduku la barua bila arifa za uongo

Ukiitazama kwa haraka, kazi hii ni ya dakika kumi. Unabandika kihisi cha mlango na sumaku yake, barua ikitumbukizwa simu inalia. Nami nilianza hivyo hivyo. Siku ya kwanza simu ililia, nikatembea hadi sandukuni nikitabasamu. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu kimya vilevile, na ndani mlikuwa na bahasha tatu. Nikabadilisha betri, nikabadilisha kihisi, nikailaumu programu. Vyote vilikuwa vizima. Mkosaji alikuwa bati la sanduku lenyewe, na habari zake nitazieleza kwa kirefu kwenye hatua ya tatu, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa na kihisi kikaishia kwenye droo.

Hatua ya 1: Lisome sanduku kabla ya kununua chochote

Simama mbele ya sanduku na bahasha mkononi. Itumbukize kama anavyofanya tarishi, kwa haraka, bila heshima. Angalia ni kitu gani kimesogea. Kuna masanduku yenye mlango mmoja tu: tarishi anaufungua, anaweka, anafunga, nawe unatolea barua palepale. Mengine yana mdomo mbele wenye kifuniko kinachoning'inia kwa bawaba, na mlango wa kutolea barua upo nyuma au chini, wenye kufuli. Na mengine yana mdomo mtupu, tundu refu lisilo na kifuniko.

Ya aina ya pili ndiyo mazuri kuliko yote kwa kazi yetu, kwa sababu mlango wa tarishi na mlango wako ni tofauti. Ya aina ya kwanza yanahitaji akili zaidi upande wa programu. Ya aina ya tatu hayana kinachosogea isipokuwa barua yenyewe, kwa hiyo itabidi utengeneze kifuniko chepesi cha plastiki ndani ya mdomo ili barua ikisukume ikipita.

Kama sanduku ni la watu wengi, au si mali yako, omba ruhusa kwanza. Na popote pale, usiweke kitu kitakachoziba mdomo au kumkwaruza tarishi vidole.

Hatua ya 2: Chagua kihisi

Chukua kihisi cha mlango, kile cha vipande viwili. Ndani yake kuna kijibomba cha kioo chenye vijisahani viwili vyembamba vya chuma visivyogusana. Sumaku ikikaribia, vinavutana na kugusana, ikiondoka, vinaachana. Swichi ya namna hii ilibuniwa katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1936, na hadi leo sijaona kitu kinachoishinda kwa kazi hii, kwa sababu yenyewe haihitaji umeme ili kuhisi. Ukisogeza sumaku polepole huku kihisi kikiwa sikioni, katika chumba kimya, baadhi ya vihisi utavisikia: tik. Hiyo ndiyo sauti ya barua yako.

Watu huniuliza kuhusu kihisi cha mwendo, kile kinachowasha taa mtu akipita. Kiache. Kile kinaona joto linalosogea, na bahasha haina joto la mwili. Kitauona mkono ukiingia, lakini kwenye sanduku la mdomo mkono hauingii. Halafu bati likipigwa na jua linapata moto, na kihisi kinaanza kutangaza barua ambazo hazijaandikwa.

Kihisi cha mtikisiko nimewahi kukitumia kwenye sanduku la mdomo mtupu. Kilihesabu geti likibamizwa, kikahesabu na mvua. Kile kinachopima mwinamo ni afadhali, kikibandikwa kwenye kifuniko chenyewe, ila kifuniko kiwe na nguvu ya kubeba uzito huo na bado kirudi mahali pake.

Kuhusu njia ya mawasiliano, kihisi cha Wi-Fi hakihitaji kifaa kingine, lakini kila kikiamka lazima kijiunge upya na mtandao, jambo linalochukua sekunde kadhaa na kula betri. Kihisi cha Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa vidogo vya nyumbani, kinahitaji habu, yaani kile kikasha kinachopokea habari za vihisi vyote na kuzipeleka kwenye simu; malipo yake ni kwamba betri ndogo inadumu muda mrefu. Kama sanduku liko mbali sana na nyumba, ng'ambo ya uwanja mkubwa, tafuta vifaa vya LoRa, vinavyotumia masafa ya chini na kufika mbali. Mimi mwenyewe natumia Zigbee pamoja na Home Assistant, programu huria ya kuendesha vifaa vya nyumbani iliyoanza mwaka 2013, na mengi yatakayofuata yanatoka huko. Mantiki yake ni ileile ukitumia habu nyingine.

Hatua ya 3: Pima mawimbi kabla ya gundi

Usibandike kitu bado.

Sanduku la bati likifungwa ni ngome dhidi ya mawimbi ya redio. Michael Faraday alilionyesha hilo mwaka 1836 kwa chumba alichokizungushia chuma, na sanduku lako halijui kwamba wewe hukukusudia majaribio ya fizikia. Zigbee na Wi-Fi ya kawaida hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambapo wimbi moja lina urefu wa sentimita 12.5 hivi. Mdomo mpana ulioachwa wazi unavujisha mawimbi ya kutosha. Kifuniko cha bati kikiuziba vizuri, mawimbi hubaki ndani.

Sasa angalia mtego wake. Tarishi anafungua mlango. Wakati huo sanduku liko wazi, kwa hiyo ujumbe wa "nimefunguliwa" unatoka bila shida na simu inalia. Anafunga. Kihisi kinatuma "nimefungwa", lakini sasa kimo ndani ya bati, na ujumbe haufiki. Habu inabaki ikiamini mlango uko wazi. Kesho yake tarishi anafungua tena, kihisi kinasema "nimefunguliwa", habu inajibu moyoni: najua, ulishaniambia jana. Hakuna kilichobadilika, basi hakuna arifa. Hii ndiyo sababu ya ile siku yangu ya kwanza ya furaha na siku mbili za kimya.

Kwa hiyo fanya hivi. Unganisha kihisi na habu ukiwa ndani ya nyumba, mezani, uhakikishe kinafanya kazi. Kipeleke sandukuni, kishikize kwa tepu ya karatasi tu, funga mlango kabisa, kisha tazama hali yake kwenye simu. Je, imeandika kimefungwa? Fungua na ufunge mara ishirini, pole pole, ukisubiri nusu dakika kila mara. Taarifa zikikosekana hata mbili, usiendelee. Programu nyingi zitakuonyesha pia namba ya ubora wa mawasiliano. Kwenye Zigbee2MQTT, programu inayounganisha vihisi vya Zigbee na Home Assistant, inakwenda kutoka 0 hadi 255. Mimi nilisimama pale nikaiona ikishuka kutoka 110 hadi 20 mara tu kifuniko kilipolala. Sikuhitaji maelezo mengine.

Mawimbi yakiwa hafifu, kuna tiba tatu, nazo nazipanga kwa jinsi ninavyozipenda.

Ya kwanza ni kutoa kihisi nje ya bati. Sumaku inabaki kwenye mlango, na kihisi kinakaa nje, chini au nyuma ya sanduku, ndani ya kasha la plastiki lisiloingiza maji. Baadhi ya vihisi vina sehemu ya kufunga nyaya mbili kwa ajili ya swichi ya nje. Hapo unaingiza swichi ndogo ya sumaku ndani ya sanduku na kupitisha waya kwenye tundu dogo. Tundu livishe raba, la sivyo ukingo wa bati utakata waya taratibu.

Ya pili ni kusogeza mtandao karibu. Kwenye Zigbee, plagi janja inayochomekwa ukutani hupokea ujumbe na kuupitisha mbele. Weka moja katika chumba kilicho karibu zaidi na sanduku, ikiwezekana upande wa dirisha. Kumbuka kwamba baadhi ya vihisi hung'ang'ania kifaa vilichounganishwa nacho mwanzo hata kama kipo mbali, kwa hiyo ukishaweka plagi, iwashe hali ya kuunganisha kupitia plagi hiyo na uunganishe kihisi upya pale pale sandukuni.

Ya tatu ni kupunguza kelele. Wi-Fi na Zigbee hugombania masafa yaleyale. Ruta ikiwa kwenye chaneli ya 1 na Zigbee kwenye ya 25, huwa haziingiliani. Hili lifanye mapema, kabla hujajaza nyumba vifaa, kwa sababu kubadilisha chaneli ya Zigbee kunaweza kukulazimisha kuviunganisha vyote upya. Mimi nililijua hilo baada ya kubonyeza.

Sanduku la mbao au plastiki? Ruka yote haya, una bahati.

Hatua ya 4: Bandika

Safisha mahali pa kubandika kwa spiriti, pakauke. Palipo na kutu piga msasa kwanza. Tumia tepu nene ya pande mbili, ya nje, kisha bonyeza kwa kidole gumba kwa nusu dakika. Ile tepu inayokuja na kihisi ni ya milango ya ndani. Jua likiipiga, inaachia.

Sumaku ikikaa moja kwa moja juu ya chuma, sehemu ya nguvu yake inapotelea kwenye chuma hicho. Kihisi kilichokuwa kikiitambua kwa milimita 15 mezani kinaweza kuhitaji chini ya 10 kwenye bati. Weka kipande cha plastiki au mbao cha milimita chache chini ya sumaku, mambo yatanyooka. Vipande viwili viwe sambamba, na alama iliyochorwa pembeni ya kihisi ielekee sumaku.

Kihisi kikae juu, kamwe kisikae sakafuni mwa sanduku. Maji hujikusanya chini, na vifurushi hutupwa.

Hatua ya 5: Ifundishe simu kutofautisha barua na upepo, na barua na wewe

Arifa ikidanganya mara tatu, mtu huacha kuisoma, hata ikisema kweli. Mzee mmoja niliyemfungia alinipigia baada ya siku nne: "Fundi, hii simu inaniita kama mtoto mwenye njaa." Nikamwambia, "Samahani mzee, kesho asubuhi nipo kwako." Ulikuwa upepo, ukiinua kifuniko na kukiachia.

Upepo usiutibu kwa programu. Watu huweka sharti kwamba mlango ukae wazi sekunde mbili ndipo arifa itumwe, na tarishi mwepesi anatumbukiza barua kwa sekunde moja. Weka sumaku ndogo au springi laini inayoshika kifuniko kikiwa kimefungwa. Kwa yule mzee sumaku moja ilitosha.

Sasa kanuni zenyewe. Tengeneza kwanza swichi ya kubuni ndani ya programu, uiite "Kuna barua". Hii ndiyo kumbukumbu ya nyumba: inawashwa tarishi akipita, inazimwa ukichukua barua. Kisha:

Kihisi kikitoka *kimefungwa* kwenda *kimefunguliwa*, na "Kuna barua" imezimwa, washa "Kuna barua" na utume arifa. Hakikisha umetaja hali zote mbili, ya kutoka na ya kwenda. Ukiandika tu "kikiwa wazi", kihisi kikipotea mtandaoni kisha kikarudi, utatangaziwa barua isiyokuwepo usiku wa manane.

Kama sanduku lina mlango wa pili, funga kihisi cha pili huko: ukifunguliwa, zima "Kuna barua". Imekwisha.

Kama mlango ni mmoja, nyumba lazima ijue ni nani amefungua. Njia ninayoitumia ni mlango wa mbele wa nyumba. Ukifunguliwa ndani ya dakika tatu kabla ya sanduku kufunguliwa, huyo ni mtu wa nyumbani: zima "Kuna barua", usitume kitu. La sivyo ni tarishi. Itakosea siku utakayochukua barua ukitokea kazini, kwa hiyo ongeza kitufe kwenye arifa yenyewe, "Nimechukua", kinachozima swichi. Saa za usiku ambazo tarishi hapiti, badilisha maneno ya arifa: "Sanduku limefunguliwa." Hiyo si barua, na ni vizuri uijue.

Ongeza ukumbusho mmoja wa jioni kama "Kuna barua" bado imewashwa. Mmoja tu.

Hatua ya 6: Betri

Vihisi vingi hutumia CR2032: kipenyo cha milimita 20, unene wa 3.2, volti 3. Usiiamini sana asilimia inayoonyeshwa. Volti za betri hizi hukaa karibu palepale kwa muda mrefu, kisha huporomoka ghafla, na baridi kali huziangusha mapema zaidi. Badala yake weka kanuni inayokuarifu kihisi kisiposikika kwa saa 24. Vihisi vya Zigbee hujitambulisha mara kwa mara hata pasipo tukio, kwa hiyo kimya cha siku nzima kina maana. Ukibadilisha betri, fanya tena jaribio la kufungua na kufunga mara ishirini, ukiufunga mlango kabisa kila mara, na uandike tarehe kwa kalamu isiyofutika mgongoni mwa kihisi.